Ng'ombe Hakukata Tikiti

Ijumaa, tarehe 11 Mei mwaka 1962, boma la Dishon Ogutu, lililokuwa juu kidogo ya gati la Homa Bay, lilikuwa na watu watano: Dishon mwenyewe, mkewe Phelesia, mkaza mwana wao Roseline, na watoto wawili wa Roseline, mmoja wa miaka minne na mwingine wa kunyonya. Wa sita, Otieno, mume wa Roseline, alikuwa kazini Nairobi. Hata hivyo Dishon alimtaja katika hesabu kila walipoombea chakula, kwa kuwa aliamini kwamba mtu wa Reli hawi mbali na nyumbani. Yuko tu mwisho wa safari ambayo saa yake ya kufika inajulikana.

Imani hiyo hakuipata bure. Alizaliwa Kanyamwa, akachunga mbuzi, akasoma shule ya misheni mpaka darasa ambalo wazungu wa misheni waliliona linamtosha Mwafrika, kisha mwaka 1931 akapanda gari la moshi Kisumu na kushuka Nairobi. Tangu siku hiyo hakuliacha jukwaa la stesheni ile kwa miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kusimama langoni, kofia imenyooka, mkononi ameshika koleo ndogo ya kutobolea tikiti. Aliyetaka kuingia jukwaani alipita mbele yake, na aliyetoka alipita mbele yake. Wakati mmoja mjomba wake alitoka Homa Bay na kuku wawili wa zawadi, akafika langoni akiwa amepoteza tikiti yake njiani. Dishon alimwamkia kwa heshima zote, akawapokea kuku, kisha akamrudisha dirishani akalipe nauli upya. Mjomba alikisimulia kisa hicho katika kila matanga mpaka alipokufa, na kila aliposimulia watu walicheka. Dishon hakuona kichekesho ni kipi.

Sheria ya pili maishani mwake ilikuwa Sabato. Tangu jua la Ijumaa kuzama mpaka jua la Jumamosi kuzama hakufanya kazi, hakununua kitu, hakusafiri. Reli nayo haikuwa na Sabato, na magari ya moshi yaliingia siku zote saba. Aliyemwokoa alikuwa Gichana, Mkisii wa Nyaribari, Mkatoliki, mtoboa tikiti wa lango la pili. Wawili hao walipatana kienyeji: Gichana amchukulie Dishon zamu za Jumamosi, na Dishon amchukulie Gichana zamu za Jumapili ili aende Misa. Kwa miaka zaidi ya ishirini kila mmoja alimlindia mwenzake siku yake ya ibada, na wakubwa wa stesheni hawakuwa na sababu ya kulalamika.

Alipostaafu mwaka 1959 akarudi Homa Bay, Otieno alikuwa ameshaandikwa kazi ya kuunganisha mabehewa katika yadi ya stesheni ile ile. Dishon alimkabidhi kwa Gichana kama mtu anavyomkabidhi jirani ufunguo, akamwachia na makatazo matatu. Asifanye kazi Jumamosi. Asionje pombe. Asijiunge na chama cha ukoo pale Nairobi, kwa sababu wanachama walikutana Jumamosi alasiri, na walikutana penye mtungi. Wengine walimwonya kwamba chama hicho ndicho hurudisha maiti za watu nyumbani wanapofia mjini. Dishon aliwajibu kwamba kijana wake amekwenda Nairobi kufanya kazi, hakwenda kufa.

Basi Ijumaa ile meli ya Reli ilifika gatini kutoka Kisumu alasiri, ilale hapo na kuondoka alfajiri ya Jumamosi. Mvua zilizoanza Oktoba ya mwaka uliotangulia zilikuwa bado hazijakata. Ziwa lilikuwa limepanda kuliko wazee walivyopata kuliona. Soko la samaki lilikuwa limehamishwa mara mbili, na mawimbi yalikuwa yakilamba mbao za gati kwa chini. Nguzo za simu zilikuwa zimeanguka huku na huko, na habari za Reli zilisafiri kwa midomo ya watu wa Reli: kutoka kwa dereva wa gari la moshi mpaka kwa karani wa Kisumu, kutoka kwa karani mpaka kwa mabaharia. Aliyepanda kilima kumtafuta Dishon alikuwa serahangi wa meli hiyo, msimamizi wa mabaharia, Mkuria mmoja mrefu aitwaye Gisiri, ambaye kwa kawaida hakukosa mzaha. Siku hiyo alivua kofia kabla hajafika uani.

"Mzee Dishon," alisema, "kijana wako amebanwa na mabehewa. Ni Jumatano. Chuma kilikuwa na maji, akateleza. Mguu na nyonga. Yuko hospitali, na anakuulizia wewe. Gichana amesema uje, usikawie."

Phelesia, aliyekuwa akichambua mboga, aliweka ungo chini. Roseline alitoka jikoni na mtoto mgongoni, akasimama mlangoni.

Gisiri aliendelea kueleza, naye alieleza vizuri. Meli ingeng'oa nanga alfajiri. Jumamosi jioni Dishon angekuwa ndani ya gari la moshi Kisumu, na Jumapili asubuhi angekuwa Nairobi kitandani kwa mwanawe. Njia nyingine haikuwepo ya kutegemewa, maana barabara ya Rongo ilikuwa imekatika penye mto, na basi la Homa Bay lilikuwa limekaa wiki nzima bila kwenda popote.

Dishon alitazama jua. Lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya kilima. Alijua kwamba dirisha la tikiti gatini lilikuwa limekwisha kufungwa, na kwamba lingefunguliwa tena alfajiri, katikati ya Sabato.

"Dirisha limefungwa," alisema.

Gisiri alidhani mzee amechanganyikiwa kwa huzuni, akajaribu kumchangamsha. "Dirisha la nini, Mzee? Panda tu. Nani atakuuliza tikiti wewe, uliyewatoboa watu wote wa Nyanza?"

"Mimi mwenyewe nitajiuliza."

Serahangi alimtazama, kisha akamtazama Phelesia, kana kwamba anaomba tafsiri. Aliaga akisema kwamba ngazi ya meli itakuwa chini mpaka dakika ya mwisho, akashuka kilima polepole.

Jua lilipozama waliimba wimbo wa kupokea Sabato, kama kila Ijumaa, na Dishon peke yake ndiye aliyeufikisha mwisho. Kisha Phelesia akasema naye. Hakupaza sauti, katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumpazia sauti. Alimkumbusha kwamba Otieno ndiye mtoto pekee aliyewabakia kati ya wanne. Alimkumbusha kwamba mtu aliyebanwa nyonga hangoji. Dishon alijibu kwamba siku zote ni za Mungu na uhai ni wa Mungu, na kwamba atakayemlinda Otieno Jumapili ndiye atakayemlinda Jumatano. Meli ya kutoka Muhuru Bay ilipita Homa Bay kila Jumanne kuelekea Kisumu. Angeipanda hiyo, na Jumatano asubuhi angekuwa Nairobi. Ratiba aliijua kwa moyo.

"Baba Otieno," Phelesia akasema, "mwaka jana ng'ombe wetu alikwama matopeni kule mtoni. Ulivua viatu ukaingia kumtoa. Ilikuwa siku gani?"

"Ilikuwa Sabato."

"Basi?"

"Ng'ombe hakukata tikiti," Dishon akasema. "Hakuna mtu aliyefanya kazi kwa ajili yake ila mimi. Meli ina watu arobaini wanaofanya kazi ili mimi nisafiri."

"Watafanya kazi hata usiposafiri."

"Hiyo ni juu yao."

Roseline alikuwa hajasema neno mpaka hapo, kwa sababu mkaza mwana hajibizani na baba mkwe. Alipiga magoti pembeni ya mlango, akamwomba ruhusa. Aende yeye. Mtoto mkubwa abaki, mdogo angemchukua. Nairobi hakuijua, lakini Gichana angempokea langoni. Dishon alimjibu kwa upole, na upole huo ndio Roseline alioukumbuka baadaye kwa uchungu kuliko maneno yenyewe. Alimwambia kwamba Sabato imemfunga na yeye pia, tangu alipobatizwa. Na kwamba mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya hasafiri usiku peke yake kati ya watu asiowajua. Wangekwenda pamoja Jumanne.

Kesho yake walikuwa kanisani, Dishon kiti cha mbele, wakati honi ya meli iliposikika. Ilikuwa imechelewa kuondoka. Baadaye mabaharia walisema kwamba Gisiri alikuwa ameiacha ngazi chini mpaka nahodha akamkaripia. Honi ililia mara moja, ikanyamaza, ikalia tena. Waumini waliinamisha vichwa kwa sala. Phelesia hakuinamisha chake. Alitazama dirishani, moshi mweusi ukivuka ghuba, mpaka ukawa hauonekani.

Jumamosi hiyo jua lilipozama tu, Phelesia alileta viatu vya mumewe akaviweka mbele yake. Akamsihi waanze kutembea. Rongo haikuwa nje ya dunia; watu walikuwa wakivuka mto kwa kushikana mikono, na ng'ambo ya Rongo mabasi ya Migori yalikuwa yakipita kwenda Kisii na Kisumu. Dishon alikokotoa kichwani. Kutembea, kuvuka, kungoja basi ambalo lingeweza kuja au lisije, kulala njiani: wangefika Nairobi Jumanne au Jumatano, hakuna ajuaye. Meli ingewafikisha Jumatano, na hilo lilijulikana. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa amewaona watu wakija langoni wakihema, wamejitia mbio na njia za mkato, naye akiwaambia neno lile lile: Reli haina haraka wala haikawii. Hakuona kwa nini leo neno hilo liwe la uongo kwa sababu tu linamhusu yeye.

Jumanne walikuwa gatini kabla ya kupambazuka. Gati lenyewe halikuonekana. Maji yalikuwa yamelifunika usiku, zikabaki nguzo tu zimetokeza kama vidole vya mtu anayezama. Katika mlango wa ghuba, mahali meli zipitapo, kulikuwa na kisiwa cha mafunjo kilichong'olewa na mafuriko, kipana kama uwanja wa mpira, kinazunguka taratibu na ndege juu yake. Watu waliokuwa wakingoja safari walikuwa wakitaniana kwa uchungu. Mwanamke mmoja mwuza omena alimwona Dishon amevaa koti lake la zamani la Reli, lenye vifungo vilivyong'arishwa, akamwambia, "Mzee, hii ni meli yenu. Iamuru basi ije tulipo." Kila mtu alicheka, na Dishon naye alitabasamu, kwani alikuwa bado na hakika.

Meli ilitokea saa yake, wala haikukawia hata kidogo. Ilikuja mpaka ng'ambo ya mafunjo, ikapunguza mwendo, ikalia honi mara mbili. Kisha ikageuza pua kuelekea Kisumu. Dishon alinyanyua mkono, bila kuupunga, kama alivyokuwa akiunyanyua langoni kumsimamisha mtu. Aliuacha hewani mpaka Roseline alipoona aibu kwa niaba yake, akatazama chini.

"Twende kwa miguu," Phelesia akasema.

Alikwenda Dishon peke yake. Mtoto wa kunyonya alikuwa ameshikwa na homa kwa baridi ya alfajiri ile, na Roseline hangeweza kumwacha wala kumchukua. Phelesia alibaki naye. Dishon alivuka mto maji yakiwa kifuani, mkoba kichwani, ameshikwa mkono na vijana wawili wasiomjua. Alilala Rongo kwenye baraza ya duka. Kesho yake kutwa nzima basi la Migori halikuja. Lilikuja Alhamisi, limepakwa matope mpaka juu ya madirisha. Kondakta alimwambia apande, nauli watazungumza mbele ya safari. Dishon hakupanda mpaka alipokabidhiwa tikiti. Abiria walimngoja, wakinung'unika, mzee huyu aliyelowa akisimama mvuani kwa ajili ya kipande cha karatasi.

Stesheni ya Nairobi aliikuta Ijumaa asubuhi kama alivyoiacha. Saa ilikuwa pale pale. Harufu ilikuwa ile ile ya makaa, mafuta na machungwa. Alijikuta anatembea na umati kuelekea langoni, na kwa mara ya kwanza alilitazama lango lile kwa jicho la abiria, tena abiria mwenye shida, akaona lilivyo jembamba. Kijana aliyesimama mahali pake alichukua tikiti yake bila kuitazama, akaitupa ndani ya sanduku.

Gichana alikuwa upande wa pili. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alipomwona Dishon hakumkimbilia wala hakutabasamu. Alivua kofia yake ya kazi akaishika kwa mikono miwili, na Dishon akajua.

Walikaa kwenye benchi ya abiria wa daraja la tatu. Gichana alieleza yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekariri kwa siku nyingi ili asije akakosea. Otieno alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Jumamosi madaktari walisema damu imeharibika. Jumapili asubuhi Gichana alimtembelea kabla ya Misa.

"Akaniuliza, 'Gari la Kisumu limeingia?' Nikamwambia limeingia. Akasema, 'Basi Baba anapita langoni sasa hivi. Nenda kampokee, usije ukamwacha akapotea, Nairobi imebadilika.' Akacheka, Bwana Dishon. Nikaenda langoni. Nikangoja mpaka abiria wa mwisho akatoka, mpaka wafagiaji wakaingia."

Dishon akauliza, "Uliporudi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia leo abiria ni wengi, foleni ni ndefu. Nilimwambia unakuja nyuma yangu. Mungu anisamehe. Alitazama mlango mpaka jioni, akafa anautazama."

Yaliyobaki yalikuwa mafupi. Sheria ya mji iliruhusu maiti kukaa siku chache tu bila ndugu kuja kutia sahihi, na siku zile za mafuriko, barabara zikiwa zimefungwa, chumba cha maiti kilikuwa kimejaa. Gichana aliomba atie sahihi yeye. Akaulizwa ni ndugu gani wa marehemu, naye Mkisii, Mkatoliki, akairudisha kalamu mezani. Alikwenda kwa chama cha ukoo. Walimsikiliza, tena walisikitika, lakini jina la Otieno halikuwa miongoni mwa wanachama. Wakasema kwa kuwa baba yake yu njiani, wasimtangulie baba. Na ni Gichana mwenyewe aliyekuwa amewaapia kwamba baba yu njiani. Kila asubuhi alikwenda kulingoja gari la Kisumu. Alhamisi, yaani jana, alipokuwa amesimama langoni anatazama uso wa kila mzee anayeshuka, lori la mji lilikwenda hospitali likachukua waliokuwa hawana watu.

Walipanda basi la mjini mbele ya stesheni, basi la ghorofa lililojaa makarani na magazeti yao, wakashuka karibu na makaburi. Bawabu aliwaongoza kwenye udongo mwekundu. Jana walizikwa sita, alisema, na kila kaburi liliwekewa kigingi chenye namba. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imezoa udongo na vigingi pamoja, vikawa vimelala chini ya mteremko, vimerundikana. Alinyoosha mkono akapitisha juu ya makaburi yote sita. "Ni mmoja wa hawa," alisema.

Dishon alitembea kutoka la kwanza mpaka la sita, akarudi. Mbele ya kila moja alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akangoja. Gichana alisema baadaye kwamba alionekana kama mtu anayekagua tikiti za abiria waliosinzia. Hakuchota udongo. Alisema hajui ni udongo wa nani, na hawezi kumpelekea mama udongo wa mtoto wa mtu mwingine.

Phelesia alimwona akipanda kilima peke yake, bila lori nyuma yake, bila sanduku. Alitoka kumlaki mpaka penye mlango wa boma.

"Umemleta?"

"Amezikwa."

"Hata udongo?"

Dishon alieleza kuhusu vigingi. Alieleza kwa ukamilifu, bila kuruka neno. Hata yale ya foleni, hata yale ya mlango. Roseline alisikiliza akiwa amesimama. Phelesia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi chini palepale, akawa halii. Kilio alikianza usiku, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Wajaluo wana lao la kufanya mtu anapopotea maiti yake isipatikane. Hukata tunda la mti wa yago, refu na zito kama mkono wa mtu mzima, wakalizika kwa jina la mtu huyo, ili roho yake isitangetange na watoto wake wasipate balaa. Kanisa lililikataza jambo hilo, na Dishon mwenyewe, akiwa mzee wa kanisa, alikuwa amewatenga watu wawili kwa ajili yake. Phelesia alipowaita wazee wa ukoo, Dishon alimwambia kwamba hataruhusu.

"Baba Otieno," Phelesia akamjibu, "wewe ulikuwa na siku yako ukaishika. Mimi nina mtoto wangu. Niache."

Hakuwa na nguvu ya kumkataza. Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba ya Otieno, urefu wa mtu mzima, kama sheria inavyotaka. Tunda lilivishwa shati la Otieno la shule, likalazwa juu ya blanketi. Dishon alikaa barazani amewapa mgongo. Alisikia majembe yakianza, akasikia sauti ya udongo juu ya kitu kizito, na kwa kuwa sauti hiyo haikuwa tofauti na sauti ya maziko mengine yoyote, aliinuka, akavua kofia, akabaki amesimama mpaka ilipokoma. Hakugeuka. Jumamosi iliyofuata hakuketi kiti cha mbele. Alikwenda kukaa nyuma karibu na mlango, na wazee wenzake walipomwuliza aliwaambia yaliyotendeka bomani mwake, nao wakamvua uzee bila ubishi.

Roseline alikaa mpaka mwisho wa Julai. Ndugu zake, wachuuzi wa soko la Migori, walituma neno kwamba barabara imefunguliwa na basi linakuja. Hakugombana na mtu. Alimwambia Phelesia kwamba kila akimwandalia baba mkwe chakula, humwona Otieno akitazama mlango. Watoto, kwa desturi, walikuwa wa ukoo wa Ogutu, na Dishon angeweza kuwazuia. Hakuwazuia.

Basi liliondoka Jumamosi. Dishon alitoka kanisani katikati ya ibada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akateremka mpaka kituoni, akamkuta Roseline amekwisha kupakia mzigo. Alimnyanyua mtoto mkubwa akampitisha dirishani. Alitaka kusema neno, hata mdomo ukafunguka, lakini lililokuja lilikuwa la kazi yake ya zamani, nalo lilimtoka kabla hajalizuia: alimwuliza kama ana tikiti.

"Nimekata, Baba," Roseline akasema. Alimwonyesha. Ilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi, imelowa jasho.

Mwezi wa Agosti serikali ilihesabu watu nchi nzima. Mwalimu mmoja kijana alifika katika boma lile akauliza ni wangapi waliolala humo usiku uliotangulia. Phelesia alimjibu kutoka uani kwamba ni watatu. Mwalimu akauliza majina. Dishon akamwambia aandike wawili.

Watu waliobaki katika boma hilo walikuwa hawa: Dishon Ogutu, mtoboa tikiti mstaafu, na Phelesia mkewe. Roseline na watoto wawili walihesabiwa Migori. Otieno hakuhesabiwa popote.